Ken Johnson: Mcheza Ugenini Aliyetaja Kwao

Kila mwaka jarida hili la sherehe za Uhuru linapoandaliwa, kamati hutuomba tuandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Safari hii tumechagua mtu ambaye hakuzaliwa Afrika Mashariki. Jina lake ni Ken Johnson, kiongozi wa bendi kubwa ya jazi iliyovuma hapa London mwishoni mwa miaka ya 1930, kabla ya bomu kumuua jukwaani akiwa na umri wa miaka 26.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mtoto aliyeletwa Uingereza ili asome, akaishi mji huuhuu tunaoishi sisi, akapita mitaa hiihii tunayopita tukienda kazini. Ya pili, maisha yake yanagusa swali ambalo katika nyumba zetu nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, jikoni, watoto wakishalala: je, mtoto akiikataa njia tuliyomtayarishia, tufanye nini?

Nasi hatuko nje ya swali hilo. Sisi tumesomea uuguzi hapahapa Uingereza, tukilipia ada kwa zamu za usiku, na kama wazazi wengi tuliofika hivyo, tuliona wazi kwamba watoto wetu watakuwa madaktari au wafamasia. Sasa nyumbani kwetu yupo kijana wa miaka 17 anayepiga saksafoni. Fomu yake ya kuombea chuo kikuu haijajazwa. Kila mtu akipita sebuleni anaiona, na hakuna anayeitaja. Basi tulipoanza kusoma habari za Ken Johnson tulisoma kwa macho mawili: jicho la mwandishi na jicho la mzazi.

Kwa vijana wetu tuseme pia kwamba neno jazi si geni nyumbani. Babu na bibi zenu walilitumia kwa bendi yoyote ya dansi yenye magita na saksafoni. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na baada ya Uhuru kulikuwa na NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo mtu huyu, ingawa si wa kwetu kwa kuzaliwa, si mgeni kabisa.

MTOTO WA DAKTARI NA MUUGUZI

Kenrick Reginald Hijmans Johnson alizaliwa tarehe 10 Septemba 1914 mjini Georgetown, British Guiana, nchi ambayo leo inaitwa Guyana. Iko kaskazini mwa Amerika ya Kusini, lakini kwa lugha na mila watu wake ni ndugu wa visiwa vya Karibi. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam asingepata shida kuielewa Georgetown. Ni mji wa pwani wenye joto, na watu wake ni wa asili nyingi: wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani, na wajukuu wa Wahindi waliopelekwa baadaye kwa mikataba ya kazi katika mashamba ya miwa. Bendera iliyopepea juu yao wote ilikuwa ya Mwingereza, kama ilivyokuja kuwa kwetu Tanganyika baada ya Mjerumani kuondoka.

Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alikuwa muuguzi, mwenye asili ya nchi jirani iliyotawaliwa na Waholanzi, ambayo leo ni Suriname. Katika koloni la wakati ule, familia nyeusi iliyofika hapo ilikuwa imepanda mlima mrefu. Ni rahisi kuelewa kwa nini baba alitaka mwanawe naye awe daktari. Aliyepata ngazi hapendi kuona mwanawe anaiacha.

Lakini mtoto alipenda muziki tangu mdogo, na zaidi ya muziki alipenda kucheza. Baba hakufurahi. Mwaka 1929, Ken akikaribia kutimiza miaka 15, alipandishwa meli kuja Uingereza kusoma. Akaingizwa katika shule ya Sir William Borlase, mjini Marlow, kando ya mto Thames, magharibi ya London. Hebu watoto wetu wafikirie: kijana mweusi kutoka pwani ya joto, wiki kadhaa baharini, halafu baridi ya Buckinghamshire, bila simu ya kumpigia mama. Barua ilikwenda kwa meli, na jibu likarudi kwa meli.

Alisoma, akacheza michezo, akarefuka. Alipomaliza kukua urefu wake ulikuwa karibu mita 1.93. Shule ilimfunza Kiingereza safi, mavazi nadhifu na adabu za watu wa tabaka la juu. Haya yote alikuja kuyatumia, ila si hospitalini.

NJIA ALIYOICHAGUA

Alipomaliza shule hakuendelea na udaktari. Alijifunza kucheza dansi kwa Buddy Bradley, Mmarekani mweusi aliyekuwa mwalimu mashuhuri wa wachezaji wa majukwaa ya London. Kisha, katikati ya miaka ya 1930, akasafiri kwenda Karibi na Marekani. Huko New York alifika Harlem, mtaa ambao wakati ule ulikuwa kama chuo kikuu cha muziki wa watu weusi. Aliona bendi kubwa zikipiga, na aliona kiongozi kama Cab Calloway anavyoweza kuishika hadhira nzima kwa mwili wake, bila hata kupiga ala. Alirudi na jina la jukwaani, Snakehips, yaani mwenye nyonga za nyoka. Jina hilo alikuwa nalo kwanza mchezaji mwingine wa Harlem, Earl Tucker.

Kabla hatujamlaumu kwa kuacha udaktari, tutazame hali ya wakati ule. Harold Moody, kijana wa Jamaika, alifika London mwaka 1904 akasomea udaktari na kufaulu vizuri, lakini alinyimwa kazi ya hospitali kwa sababu ya rangi yake. Ilimbidi afungue zahanati yake mwenyewe huko Peckham. Mwaka 1931 akaanzisha chama cha kutetea watu weusi, League of Coloured Peoples, na miongoni mwa mambo waliyoyapigania ni wasichana weusi kukubaliwa kusomea uuguzi katika hospitali za Uingereza. Sisi tunaovaa sare leo tuna deni kwa watu hawa. Tunalieleza hili ili ijulikane kwamba njia ya baba yake Ken nayo ilikuwa na milango iliyofungwa. Katika London ya mwaka 1935 hapakuwa na kazi ambayo mtu mweusi aliifikia bila kusukuma mlango.

BENDI YAZALIWA

Ken Johnson alikuwa na sura, urefu, mwendo na ujasiri wa kusimama mbele ya watu, lakini hakuwa mwanamuziki wa kusomea. Mtu aliyekuwa na muziki wenyewe ni Leslie Thompson, Mjamaika mpiga tarumbeta. Thompson alianzia katika bendi ya jeshi ya kwao, akapelekwa Kneller Hall, shule ya muziki ya jeshi la Uingereza, kisha akarudi London kuishi mwaka 1929. Alijua kusoma na kuandika muziki, na alikuwa amewahi kuzunguka Ulaya akipiga pamoja na Louis Armstrong. Thompson alikuwa na ndoto ya bendi kubwa ya watu weusi hapa Uingereza, yenye nidhamu na sare, itakayoonyesha kwamba muziki huu si lazima uletwe kutoka Marekani.

Mwaka 1936 wawili hawa wakaanzisha bendi, Thompson akiwafundisha wapigaji na Johnson akisimama mbele. Ilijulikana kama Emperors of Jazz. Thompson aliwatafuta wapigaji weusi popote walipo. Wengine walikuwa Wajamaika kama yeye, akiwamo mpiga tarumbeta Leslie Hutchinson aliyeitwa Jiver. Mwingine alikuwa Joe Deniz, mpiga gita kutoka mtaa wa mabaharia wa Cardiff, ambaye baba yake alitoka Cape Verde, visiwa vya Afrika. Hivyo ndivyo bendi ilivyokusanyika, kama vyama vyetu vinavyokusanyika: huyu anamjua yule, yule ana binamu yake Cardiff.

Hapa tunafika mahali ambapo hatuwezi kumpamba marehemu. Mwaka 1937 Johnson na meneja wake walitumia upenyo wa kisheria wakaichukua bendi iwe yao. Thompson, aliyeijenga kwa jasho lake, akatoka, na wapigaji kadhaa wakatoka naye. Lilikuwa jambo baya, na sisi tunaoishi katika jamii ndogo ya ugenini tunajua jinsi mambo ya namna hiyo yanavyoacha vidonda: chama kinachoanzishwa na mmoja na kuandikishwa kwa jina la mwingine. Thompson aliendelea na muziki kwa miaka, kisha akaingia katika kazi za ustawi wa jamii. Alifariki mwaka 1987. Kila anayemkumbuka Johnson amkumbuke na yeye.

JINA LA KWAO

Johnson alibaki na bendi iliyopungukiwa watu. Alichokifanya baada ya hapo ndicho kilichompa nafasi katika historia. Aliagiza wapigaji moja kwa moja kutoka Karibi. Kutoka Trinidad walikuja Carl Barriteau wa klarineti, aliyelelewa katika kituo cha yatima na kufundishwa muziki hukohuko, pamoja na wapiga saksafoni Dave Williams na George Roberts. Akajiunga pia Dave Wilkins, mpiga tarumbeta mzaliwa wa Barbados.

Jambo hili liliwezekana kwa sababu ya siasa za kazi za wakati huo. Tangu katikati ya miaka ya 1930, mgogoro kati ya vyama vya wanamuziki ulifanya serikali ya Uingereza izuie bendi za Kimarekani kuja kupiga hapa. Wenye kumbi walitaka muziki wa kisasa wenye mdundo wa Harlem, lakini wenyewe wa Harlem hawaruhusiwi. Watu wa Trinidad na Jamaika, kwa kuwa walikuwa raia wa milki ya Mfalme, waliruhusiwa. Mlango uliokuwa umewafungia wengine ukawa wazi kwao.

Kisha bendi ikapewa jina jipya: West Indian Dance Orchestra, okestra ya dansi ya watu wa Karibi. Leo jina hilo laweza kuonekana la kawaida. Wakati ule halikuwa la kawaida hata kidogo. Ilikuwa rahisi zaidi kujifanya Wamarekani, kwani ndio waliokuwa na soko. Johnson aliwataja watu wake kwa jina la kwao. Walitoka visiwa na miji mbalimbali, na wengine kama Deniz hawakuzaliwa Karibi kabisa, lakini jukwaani walikuwa watu wa upande mmoja. Guyana ilikuwa bado haijawa nchi huru. Jamaika na Trinidad nazo hazikuwa nchi huru. Bendi ilikuwa na jina la pamoja miaka mingi kabla ya bendera.

Waheshimiwa, sisi tunaokusanyika kila tarehe 9 Desemba katika ukumbi wa kukodi, na pilau, na bendera iliyobanwa ukutani kwa gundi ya karatasi, tunajua thamani ya kutaja kwetu mahali ambapo hakuna aliyetuuliza.

Mwaka 1938 bendi ilianza kusikika katika redio ya BBC, ikatoa santuri za kwanza, na ikaonekana hata katika televisheni, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza na ilitazamwa na watu wachache mno. Redio ndiyo iliyowafikisha mbali. Familia zilizokuwa hazijawahi kuzungumza na mtu mweusi ziliondoa viti sebuleni zikacheza kwa muziki wao. Bendi ilipiga katika klabu ya Florida huko Mayfair, na mwishoni mwa mwaka 1939 ikapata kazi katika ukumbi wa Café de Paris, mtaa wa Coventry, kati ya Piccadilly Circus na Leicester Square.

Café de Paris ilikuwa mahali pa matajiri, maafisa wa jeshi na watu wa ukoo wa kifalme. Mtu alishuka ngazi hadi chini ya ardhi, akakuta ukumbi wa dansi umezungukwa na baraza la juu lenye meza, na ngazi mbili zilizopinda zikishuka hadi kwenye jukwaa la bendi. Johnson alisimama hapo amevaa koti jeupe, mrefu kuliko wote, akiongoza kwa fimbo na kwa mwili. Wapigaji wake wote walivaa nadhifu, waliingia kwa wakati, na walijua kila nota. Hiyo ndiyo nidhamu aliyotaka Thompson, na tunathubutu kusema ndiyo aliyotaka pia daktari wa Georgetown. Ilijitokeza tu mahali ambapo baba hakuitarajia.

Tusisahau, hata hivyo, mji ulikuwaje nje ya ukumbi huo. Mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji bora wa kriketi kutoka Trinidad, alikataliwa kulala katika hoteli moja ya London pamoja na familia yake kwa sababu ya rangi. Alishtaki, na mwaka 1944 akashinda. Ndiyo London ileile. Mtu mweusi aliweza kushangiliwa jukwaani usiku, na asubuhi akakosa chumba cha kupanga.

USIKU WA TAREHE 8 MACHI 1941

Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilianza kuishambulia London kwa mabomu, usiku 57 mfululizo. Watu walilala katika vituo vya treni za chini ya ardhi. Taa za barabarani zilizimwa. Lakini wakazi wa mji waliendelea kwenda kazini, na waliendelea kwenda kucheza. Café de Paris ilijitangaza kuwa ukumbi salama kuliko yote mjini kwa kuwa ulikuwa chini ya ardhi na juu yake kulikuwa na jengo zima. Watu waliamini.

Miezi ileile mababu zetu wa King's African Rifles walikuwa Somalia na Ethiopia wakipigana na Waitalia kwa ajili ya Mfalme huyohuyo. Vita ile ilitufikia sote, kila mmoja mahali pake.

Jioni ya Jumamosi, tarehe 8 Machi 1941, Johnson alikuwa na marafiki zake katika klabu ya Embassy. Ving'ora vikalia na mabomu yakaanza kuanguka. Marafiki walimsihi asitoke. Zamu yake ilikuwa inakaribia. Teksi hazikupatikana, basi akatoka kwa miguu, akakimbia katika giza la mitaa iliyozimwa taa hadi mtaa wa Coventry. Alifika, akapanda jukwaani, bendi ikaanza. Ilikuwa yapata saa nne kasorobo usiku.

Dakika chache baadaye mabomu mawili yalipenya jengo la juu yakaingia ukumbini, na mlipuko ukatokea mbele ya jukwaa. Watu zaidi ya 30 walikufa na wengine wengi walijeruhiwa. Ken Johnson alikufa palepale. Dave Williams, mpiga saksafoni aliyetoka Trinidad, naye alikufa. Joe Deniz aliumia mguu, Carl Barriteau alivunjika kifundo cha mkono.

Walioshuhudia walisema baadhi ya waliokufa hawakuwa na jeraha lolote la kuonekana, wamekaa mezani kana kwamba wanamsikiliza mtu. Sisi wauguzi tunaweza kueleza kwa nini. Mlipuko unasukuma wimbi kali la hewa. Katika uwanja wazi wimbi hilo hutawanyika na kupoteza nguvu. Katika chumba kilichofungwa hugonga ukuta likarudi, likagonga tena, na mapafu, kwa kuwa yamejaa hewa, huchanika ndani wakati ngozi iko nzima. Madaktari wa Uingereza walijifunza mengi kuhusu jambo hili katika miaka hiyo ya mabomu. Ile sifa ya kuwa chini ya ardhi, iliyowafanya watu wajione salama, ndiyo iliyozidisha maafa.

Inasimuliwa kwamba wageni waliokuwa hai walirarua vitambaa vya meza kuwa bandeji na kusafisha vidonda kwa shampeni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Tunapoisoma sehemu hiyo hatuoni ajabu. Aliyewahi kufanya kazi ya dharura anajua kwamba mikono huanza kabla vifaa havijafika.

BAADA YAKE

Ken Johnson hakurudi Georgetown. Mwaka mmoja baada ya kifo chake ilifanyika ibada ya kumkumbuka katika shule yake ya Marlow, na majivu yake yamehifadhiwa katika kanisa dogo la shule hiyo. Mtoto aliyeletwa asome alirudishwa shuleni.

Bendi haikupiga tena kama ilivyokuwa. Lakini wapigaji wake, waliokuwa hodari kuliko wengi mjini, walichukuliwa na bendi nyingine, zikiwamo zilizokuwa za weupe watupu, na kwa njia hiyo walibadilisha muziki wa dansi wa Uingereza kutoka ndani. Carl Barriteau alipona mkono akaongoza bendi yake mwenyewe. Mwaka 1944 Jiver Hutchinson aliunda bendi kubwa ya watu weusi, akiwakusanya baadhi ya wenzake wa zamani, na bintiye Elaine Delmar naye akaja kuwa mwimbaji anayejulikana. Hizo ndizo zilizokuwa heshima za kweli kwa marehemu: watu walewale waliochimbuliwa kwenye vifusi, wakisimama tena na ala zao mbele ya hadhira.

Café de Paris ilifunguliwa tena mwaka 1948. Mwaka huohuo meli ya Windrush ilileta watu wa Karibi mamia kadhaa, na tarehe 5 Julai ya mwaka huo ikaanza huduma ya afya ya taifa, NHS, ambayo wanawake wa Karibi waliijenga kwa mikono yao na ambayo sisi tulikuja kuikuta. Ukumbi ule ulifunga milango Desemba 2020 wakati wa korona. Tulipita hapo miezi hiyo tukitoka zamu, mtaa mtupu, nasi hatukujua bado kwamba chini ya lami ile alikufa mtu aliyekimbia ili asichelewe kazini.

Guyana ilipata uhuru wake tarehe 26 Mei 1966, miaka 25 baada ya kifo cha Johnson, na miaka minne na nusu baada ya Tanganyika.

TUNACHOKICHUKUA

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ken Johnson hakucheza kwao. Alicheza ugenini, mbele ya watu ambao wengine wao wasingemkaribisha nyumbani kwao, na alikosea kwa mwenzake aliyemsaidia. Lakini hakuificha asili yake, aliwafungulia mlango wengine wa kwao, na aliiheshimu kazi aliyoichagua hadi dakika ya mwisho. Daktari gani anaweza kusema alifanya zaidi ya hayo?

Hatusemi wazazi waache watoto wafanye wapendavyo. Kodi ya nyumba hailipwi kwa ndoto, na kwa kila anayefika Café de Paris wako wengi wanaoishia kupiga kwenye baa zisizolipa. Tunachosema ni hiki: baba wa Georgetown alidhani kwamba mwanawe akiacha udaktari ameacha kila alichofundishwa. Haikuwa hivyo. Malezi hayakai ndani ya cheti. Yanakwenda na mtoto popote aendapo, awe amevaa koti la daktari au koti jeupe la jukwaani.

Kwa familia zetu, tunapendekeza matembezi mawili kabla ya sherehe ijayo. Nendeni mtaa wa Coventry, hatua chache kutoka Leicester Square, mwonyeshe watoto mahali penyewe. Na siku ya hali nzuri pandeni treni ya Paddington, mbadilishe Maidenhead, mfike Marlow, mtembee kando ya mto aliouona kijana mmoja wa miaka 14 aliyekuwa mbali na mama yake.

Sisi matembezi ya kwanza tumekwisha kuyafanya, pamoja na yule kijana wetu. Hakusema mengi. Tuliporudi nyumbani tuliketi naye mezani tukaijaza ile fomu. Katika nafasi ya kozi ameandika muziki. Tukamwekea sharti moja tu, kwamba popote atakapopiga afike kabla ya saa, na akiulizwa anatoka wapi, ajibu.

Tunawatakia nyote heri ya Uhuru.